Sindano Isiyo na Uzi Wala Dawa

Dukani kwangu, kwenye meza ya kukatia,
Nyuma ya stendi ya zamani.
Jumanne, tarehe nane, mchana.

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Ipokee hata kama umenuna, maana najua umenuna. Natumaini goti limepoa, na ngazi za kwenu unazipanda bila kusimama katikati kumlaani aliyezijenga. Shemeji naye anaendeleaje? Presha imeshuka, au bado anaficha chumvi nyuma ya kopo la sukari? Sisi huku wazima kiasi. Wifi yako ni mzima kabisa, sauti yake inafika hadi kwa fundi viatu wa ng'ambo ya barabara. Mimi nipo. Hilo "nipo" ndilo nililokaa kulieleza, kwa hiyo vuta kiti.

Salamu ulizompa wifi yako nimezipata. Alinifikishia zote, hakupunguza hata neno: "Mwambie huyo Redio, kama ameamua kunizima aseme, nijue sina mdogo." Dada, sijakuzima. Wewe mwenyewe ndiye uliyenibandika jina la Redio tukiwa watoto, kwa sababu nilikuwa naongea tangu naamka mpaka nasinzia na kijiko mkononi, na mama akasema huyu amezaliwa bila kitufe cha kuzimia. Sasa kitufe kimepatikana. Nakuandikia kwa sababu kalamu ina wino wake yenyewe, haihitaji mate yangu.

Habari za uvimbe wa kooni unazijua. Habari za mionzi unazijua pia, ulikuwa unapiga simu kila nikirudi hospitali. Wakati ule niliongea kwa shida tukasema ni vidonda, vitapona. Vikapona kweli. Daktari alitazama picha akasema uvimbe haupo, manesi wakanipigia makofi kwenye korido, na wewe ukalia kwenye simu mpaka nikaanza kukubembeleza mimi mgonjwa. Mate hayakuliliwa na mtu.

Mionzi iliyouchoma uvimbe ilichoma pia tezi zinazotengeneza mate, kwa sababu ni majirani. Daktari alinitajia kabla ya kuanza, sikatai, lakini alilitaja katikati ya mambo mengine, "kinywa kinaweza kukauka," kama mtu anavyokwambia leo inaweza kunyesha. Nikaitikia. Nani anafikiria mate? Unafikiria usipoteze sauti, usipoteze uhai, usiwaache watu na madeni. Mate unayaona ni kitu cha kutema ukipita karibu na mtaro.

Watu wanadhani ni kiu. Si kiu, dada. Kiu ukinywa inaisha. Hii ukinywa, maji yanapita yanakwenda zake na mdomo unabaki vilevile. Ulimi unanata kwenye kaakaa, nikiubandua unalia kama plasta inayotolewa kwenye ngozi. Mkate umekuwa pamba, biskuti imekuwa mchanga, na yai la kuchemsha nimelisamehe kabisa. Kila tonge nalisukuma kwa maji. Wenzangu wanamaliza, vyombo vinaoshwa, mimi bado niko nusu sahani natazama ukuta. Siku hizi nakula peke yangu jikoni, nimesimama, kwa sababu sipendi kutazamwa nikimeza.

Na ushauri sasa! Kila anayeingia dukani ananiambia ninywe maji. Natembea na chupa kama mtoto wa chekechea na bado ananiambia ninywe maji. Kinyozi wa jirani alisema nilambe ndimu. Nikalamba. Ndimu kwenye mdomo usio na mate ni kumwaga spiriti kwenye kidonda, niliruka nikagonga kichwa kwenye rafu ya vitambaa. Mwingine akaniambia nishukuru, wenzangu wako kaburini. Nashukuru. Nashukuru kila nikiamka. Lakini mtu anaweza kushukuru na kukasirika siku hiyo hiyo, hakuna sheria inayokataza.

Kinachoniudhi zaidi ni kazi. Unajua fundi anavyotunga uzi: unaukata, unapitisha ncha mdomoni, unaisokota kwa vidole, inaingia tunduni. Nimefanya hivyo tangu baba aliponikalisha kwenye kigoda chake, mkono haungoji kuambiwa. Sasa mkono unapeleka uzi mdomoni, na uzi unatoka umechanua vilevile ulivyoingia. Wifi yako ameniwekea sponji yenye maji kwenye kisosi, hapa karibu na mkasi. Naipita. Kila mara naipita, napeleka uzi mdomoni, nakumbuka, natukana kimoyomoyo, ndipo narudi kwenye sponji. Siku nzima.

Basi tuje kwenye simu. Ile Jumapili nilikuwa nimetoka kula na chupa yangu ilikuwa chumba kingine. Simu ikalia, nikaikimbilia kama kawaida. "Shikamoo" ilitoka. Neno la pili likanata. Wewe ukacheka ukasema, "We! Umelewa mchana huu?" Nikataka kujibu, ulimi ukagoma kabisa, nikawa natoa sauti ambazo hata mimi sikuzijua. Ukasema, "Nenda kalale, tutaongea ukizinduka." Ukakata.

Najua ulikuwa unatania. Ingekuwa mimi ningetania vibaya zaidi. Lakini niliumia, dada, na sitaki kuzunguka maneno. Mimi niliyekuwa nakuongelesha mpaka salio linakwisha, nimeonekana mlevi kwa ndugu yangu wa tumbo moja. Nikaapa sipokei simu yako tena mpaka mdomo wangu urudi. Jumapili iliyofuata ikalia, nikaigeuza ikalala kifudifudi. Nyingine ikalia, nikatoka nje kukagua bati. Hiyo ndiyo siri yote. Sina kinyongo na wewe, nilikuwa nangoja mate.

Nilipokwenda kliniki nikamwambia daktari kwamba nimechoka, anipe kitu. Akasema dawa za kupulizia mdomoni ndizo hizo ninazo, lakini kuna tiba ya sindano, wanaiita akupancha, kuna wagonjwa wa mionzi inaowasaidia na kuna isiowasaidia. Nikamuuliza mimi niko kundi gani. Akasema atajua nikishajaribu. Nikaona huyu naye kanigeuza kitambaa cha kujaribia mkasi. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, hata akiwa anakufa kwa kukosa maji, nikaenda.

Ni chumba cha mwisho kwenye jengo la mazoezi ya viungo, kina mipira mikubwa, vyuma vya kujishikilia, na vitanda vilivyotengwa kwa mapazia. Mwenye kazi ni mama mmoja mfupi mwenye kucha zilizokatwa hadi kwenye nyama. Wagonjwa wanamwita Mama Sindano na yeye anaitika. Alifungua pakiti akanionyesha sindano nyembamba kuliko yoyote niliyowahi kushika, nyembamba kama unywele wa mtoto.

"Ina dawa gani?" nikamuuliza.

"Haina dawa."

"Sasa inafanya nini?"

"Inaamsha. Zile tezi si zote zimekufa, nyingine zimelala tu. Tunajaribu kuziamsha."

"Na zikikataa?"

"Zitakuwa zimekataa."

Fikiria, dada. Sindano yangu ina uzi, sindano ya nesi ina dawa, hii ya kwake haina kitu, imekuja mikono mitupu kama mgeni asiye na haya. Na mimi ambaye nimechoma nguo za watu maisha yangu yote ndiye nimelala chali kuchomwa. Wanaosema mganga hajigangi hawakukosea.

Kabla ya kunichoma alinipa kikombe kidogo. Eti niinamishe kichwa, nisimeze, niache mate yadondoke, yeye anatazama saa. Mama alitulea tusiteme mate mbele za watu, leo mtu mzima nimekaa kwenye kiti nimekinga kikombe kidevuni, mdomo wazi, nikingoja. Nilitazama bango la mifupa ukutani mpaka nikakariri mbavu. Muda ulipokwisha alichukua kikombe akakiinamisha kwenye mwanga, akaandika.

"Umeandika nini?"

"Nimeandika hakuna."

Nilitaka kuondoka pale pale. Lakini mgonjwa haulizwi uji. Akanilaza akaanza kuchoma, masikioni, kidevuni, kwenye vidole vya shahada, halafu akanipa kipipi kisicho na sukari nikiweke chini ya ulimi. Kusema kweli ana mkono mzuri. Anagusa, anapachika, hata hujui sindano imeingia saa ngapi, na nilimtazama kwa jicho la fundi nikitafuta kosa nikalikosa. Kilichoniuma ni mwisho: alizichomoa akazitupa zote kwenye kopo la njano. Sindano nzima, haijapinda, imetumika mara moja! Nilimwambia hata mimi maskini nisingethubutu. Akasema zangu zinachoma vitambaa, zake zinachoma watu, na vitambaa havina damu.

Sasa hapa usicheke kabla sijamaliza. Siku moja aliniwekea sindano zake akaenda nyuma ya pazia kumnyoosha mkono mzee aliyepooza. Chumba kilikuwa na joto, nikapitiwa na usingizi. Nilipoamka sikuwa nimeamka sawasawa, niliona tu sindano imesimama kwenye kidole changu. Unajua fundi akikuta pini mahali pasipo pake hufanya nini. Anaichomoa na kuichomeka kifuani, kwenye shati, isipotee. Mikono haikuniuliza. Nikachomoa za vidoleni, nikachomoa ya kidevuni, nikapapasa masikioni nikamaliza, zote nikazipanga kwenye shati safu moja iliyonyooka, nikaanza kutafuta chaki.

Mama Sindano akarudi. Akanitazama usoni, akanitazama masikioni, akazunguka kitanda.

"Ziko wapi?"

Nikamwonyesha kifua.

"Baba," akasema, "hapo umelitibu shati."

Yule mzee nyuma ya pazia alicheka mpaka akapaliwa, akakimbiziwa maji. Mama Sindano naye alicheka, halafu akakasirika kweli kweli, kwamba ningejidunga vibaya, kwamba sindano si za kuchezea, kwamba tuanze upya. Tangu siku hiyo hakuniacha peke yangu, alivuta kiti akawa anafanya kazi zake za karatasi hapo hapo, jicho moja kwangu kama ninaiba.

Nilitoka pale nakimbia nikupigie. Niliingiza mkono mfukoni na simu nikaitoa. Kisa kama kile, dada, ni cha kwako, hakuna mwingine duniani anayenijua mimi na pini zangu tangu enzi za kigoda cha baba. Nilikuwa nimeshaanza kukipanga kichwani, wapi nitulie, wapi nikuache ucheke. Ndipo nikakumbuka kwamba sipokei simu zako wala sikupigii. Nikairudisha mfukoni. Kwa kweli siku hiyo nilijichukia.

Na mate hayakuja. Nilikwenda tena na tena, kikombe kikawa kikavu kile kile. Nyumbani waliniuliza kila nikiingia mlangoni, "Vipi, yamekuja?" kama wanangoja mgeni wa basi. Wifi yako alikuwa hata haulizi, ananitazama tu mdomoni. Wiki iliyopita niliwaka. Nilipiga meza nikasema siendi tena, nimechoka kuchomwa kama mto wa pini, nimechoka kutemeshwa mate nisiyokuwa nayo, waniache na ukame wangu. Nilisema mengi zaidi lakini katikati ulimi ukanata, na hakuna kitu kinachoudhi kama kugombana halafu usimame kunywa maji.

Wifi yako alingoja ninywe. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Mimi sikuolewa na mate yako. Niliolewa na maneno yako. Mate yalichukuliwa na mionzi, sawa. Maneno umeyachukua wewe. Dada yako kakosa nini?" Halafu akaenda kuanua nguo. Nikainua chupa kunywa tena, ingawa safari hii ulimi haukuwa umenata.

Basi nikarudi hospitali kwa ile mara ya mwisho iliyopangwa, shingo upande. Nikakinga kikombe, nikatazama mbavu za ukutani. Alipokiinamisha kwenye mwanga safari hii alikigeuza mara mbili. Kulikuwa na kitu chini, dada. Kidogo. Kastabini hii ninayoivaa kidoleni nikishona isingejaa. Lakini kilikuwa mate, na yalikuwa yangu.

"Ni sindano zimefanya?" nikamuuliza.

"Sijui," akasema. "Pengine sindano. Pengine mwili wenyewe. Pengine ile pipi."

"Si ungesema tu ni sindano nikafurahi?"

"Ungefurahi. Halafu yakipungua ungekuja kunikaba."

Sitaki kukudanganya kwamba nimepona. Mkate nameza kwa mchuzi, si mkavu. Usiku chupa iko kando ya mto. Uzi bado unatoka mdomoni mkavu, na nimeshakubali sponji ingawa sijaipenda. Daktari amesema naweza kurudia duru nyingine na inaweza kusaidia zaidi au isisaidie kitu, yaani yale yale. Bado nina hasira. Nilidhani tiba inakurudisha ulipokuwa, kumbe inakuacha mahali pengine na kukwambia jizoeze. Nani aliyenishauri niseme hewala? Sisemi hewala. Nitarudia hizo sindano, nikilalamika.

Lakini jana nilijaribu jambo. Nilisimama mbele ya kioo cha kupimia nguo nikakuongelesha wewe. Nilianza na kisa cha shati. Nilifika kwenye kopo la njano ulimi ukanata, nikanywa, nikaendelea. Ukanata tena nikiwa nyuma ya pazia na yule mzee, nikanywa, nikaendelea. Kikaisha chote. Mteja aliyekuwa anajaribu sketi kwenye kijichumba akatoa kichwa akauliza naongea na nani. Nikamwambia naongea na dada yangu. Akaangalia huku na huku, akasema basi nimsalimie.

Kwa hiyo umesalimiwa na mwenye sketi. Msalimie shemeji, mwambie chumvi tumeshaijua ilipo. Msalimie mpwa wangu Twiga, mwambie suruali yake nimeiacha na pindo la kutosha, akiendelea kurefuka aikunjue asisubiri nife. Mbusu yule mdogo anayeng'ata watu. Mzee wa ghorofa ya chini mpe mkono. Wifi yako anakusalimu sana, na anasema amekuandikia maneno yake kwenye simu kwa sababu barua yangu haimwachii nafasi. Mungu akutunze, goti lako alirudishe mahali pake, na akuongezee subira ya kuwa na mdogo kama mimi.

Jumapili nitakupigia mimi, saa ile ile ya siku zote. Sitangoja mdomo wa zamani, nitaongea na huu uliopo. Kisa cha shati umeshakisoma, lakini jifanye hukijui, nataka kukusikia ukicheka. Nina ombi moja tu. Katikati ya maneno nitanyamaza, na nitanyamaza mara nyingi. Usiseme halo, halo. Usiniulize kama nimelewa. Usikate, dada. Kimya hicho ni mimi, nakunywa maji.

Nduguyo akupendaye, kwa maneno na kwa vituo vyake,

Redio